Gari Linalolala Majira ya Baridi Uingereza: Maswali ya Kila Mwaka Kuhusu SORN, Kodi na Bima

Mvua za Oktoba zikianza tu, simu nazo zinaanza. Huyu anakwenda Mombasa miezi mitatu kumuuguza mama, yule ana gari la pili la kufungua paa ambalo hatalitaka tena mpaka Aprili, mwingine ameacha kazi za usiku na sasa anapanda basi. Swali lao ni moja: nikiliacha gari limelala, bado nalipa? Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi na ndugu zetu tunaoishi Uingereza. Ada na faini hupanda, kwa hiyo siku unayoshughulikia jambo lako tazama tovuti ya serikali, gov.uk.

## Mambo ya mwanzo

1. SORN ni nini hasa?

Ni taarifa unayoipa DVLA, mamlaka ya usajili wa magari iliyoko Swansea, kwamba gari lako limetolewa barabarani. Utaratibu huu ulianza tarehe 31 Januari 1998. Zamani ilibidi uirudie taarifa kila mwaka, na wengi walinaswa kwa kusahau tu. Tangu Desemba 2013 unaitoa mara moja, inakaa mpaka ulilipie gari kodi tena, uliuze, ulipeleke kuvunjwa chuma chakavu au ulihamishie nchi nyingine moja kwa moja.

Haina malipo. Ukikuta tovuti inakudai pauni kadhaa kwa ajili ya SORN, hiyo ni ya madalali, toka. Na meseji ya simu inayosema "bonyeza hapa upate marejesho ya kodi ya gari lako" ni ya matapeli, hata ikiwa na nembo.

2. Gari haliendi popote, kwa nini nimwambie mtu? Kwetu gari likilala linalala.

Ndipo wengi wetu tunapokosea, maana tumezoea mfumo mwingine. Tanzania ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo usipoendesha hulipi. Bima nayo tumezoea kuijua kwa stika ya kioo cha mbele, na wa kuiogopa ni trafiki anayekusimamisha. Usipokutana naye, siku imepita.

Uingereza gari linafuatwa na kumbukumbu. Stika ya kodi iliondolewa tarehe 1 Oktoba 2014, na ya bima haipo. Kodi imeandikwa kwenye rekodi za DVLA, bima imeandikwa kwenye hifadhidata ya pamoja ya kampuni za bima, na rekodi hizo mbili zinalinganishwa. Gari ambalo halina bima wala SORN linajitokeza lenyewe, hata kama liko ndani ya banda, limefunikwa turubai, na betri imetolewa.

3. Kwa hiyo gari lililofungiwa bandani linahitaji bima?

Ndiyo, kama hujatangaza SORN. Tangu 2011 kosa si kuendesha bila bima peke yake. Kuwa na gari lililosajiliwa kwa jina lako bila bima ni kosa pia, hata kama halijasogea hatua moja. Kwanza inakuja barua ya onyo. Ukiipuuza, inafuata faini ya pauni 100, na gari linaweza kufungwa mnyororo, kuchukuliwa, hata kuharibiwa. Likifika mahakamani, faini inaweza kufika pauni 1,000.

Kodi ni kesi yake tofauti. Gari lisilo na kodi wala SORN linaletewa faini ya pauni 80, ambayo hupungua nusu ukilipa mapema. Ukiacha vyote viwili, unapata barua mbili.

4. Nianze na lipi, SORN au kuvunja bima?

SORN kwanza. Subiri uthibitisho wake, ndipo uzungumze na watu wa bima.

Nasema hivi kwa sababu majira yangu ya kwanza nilifanya kinyume. Nilivunja bima mwanzoni mwa Novemba, nikajiambia SORN nitaishughulikia wikendi. Zikapita wikendi tatu. Bahasha ilidondoka kwenye tundu la mlango Jumamosi asubuhi, nikaifungua kikombe cha chai kikiwa mkononi. Ndani namba ya gari langu imeandikwa kwa wino mzito, na chini yake tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Chai ilipoa. Niliwahi ile tarehe, lakini nimewajua ndugu ambao bahasha yao ilidondoka kwenye nyumba tupu, wenyewe wako Tanga.

## Kutangaza SORN na kurudishiwa kodi

5. Naitangazaje?

Njia nyepesi ni mtandaoni kupitia gov.uk. Kwa simu pia inawezekana, na kwa posta kuna fomu ya V890. Mtandaoni utaulizwa namba ya kumbukumbu, na hapa pana jambo dogo lenye uzito: namba unayotumia ndiyo inayoamua SORN inaanza lini.

Ukitumia namba ya tarakimu 11 iliyo kwenye kadi ya gari, ile V5C ambayo Wakenya huiita logibuku, SORN inaanza papo hapo. Ukitumia namba ya tarakimu 16 kutoka barua ya kukumbusha kodi, V11, inaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mtu anayesafiri kesho huku bima yake inaisha keshokutwa atumie kadi.

Anayetangaza ni yule ambaye jina lake limo kwenye kadi. Kama gari uliachiwa na kaka yako na jina halijabadilishwa, itakubidi utume V890 kwa posta pamoja na maombi ya kadi mpya, fomu V62, ambayo ina ada ya pauni 25.

6. Kodi niliyokwisha kulipa inarudi?

Inarudi yenyewe, bila kuomba, lakini kwa miezi kamili iliyobaki tu. Hundi inatumwa kwa jina na anwani iliyo kwenye kadi ya gari. Kama unalipa kidogo kidogo kupitia benki, makato yanasimamishwa. Ile nyongeza ya asilimia 5 wanayotoza wanaolipa kila mwezi hairudishwi.

Hesabu ya siku ndiyo inayowaponyoka watu. Tuseme kodi yako ni pauni 195 kwa mwaka, yaani pauni 16 na senti 25 kwa mwezi. Ukitangaza SORN tarehe 30 Novemba, Desemba yote unarudishiwa. Ukisubiri mpaka tarehe 1 Desemba, Desemba imekwenda, kwa kuchelewa siku moja. Wakati wa kulirudisha barabarani ni kinyume: kodi inahesabiwa tangu mwanzo wa mwezi unaolipia, kwa hiyo anayelipa tarehe 30 Machi amelipia Machi nzima kwa siku mbili za kuendesha. Toa gari mwisho wa mwezi, lirudishe mwanzo wa mwezi.

Kama umehama nyumba na hujabadilisha anwani kwenye kadi, hundi itakwenda kwa mpangaji mpya, pamoja na barua zote za onyo. Kutobadilisha anwani nako ni kosa lenye faini ya hadi pauni 1,000.

7. Gari langu halilipiwi kodi. Linanihusu?

Linakuhusu. Magari yanayosamehewa kwa sababu ya ulemavu, na ya kale yaliyotimiza miaka 40, bado yanatakiwa yaandikishwe kodi ya pauni sifuri au yawe SORN. Magari ya umeme yalikuwa na msamaha wake, ila tangu tarehe 1 Aprili 2025 nayo yanalipa.

## Bima

8. Nikishatangaza SORN, nivunje bima kabisa?

Sheria inakuruhusu. Mimi sikushauri.

Fikiria gari limekaa wiki kumi na mbili mahali pamoja, taa za nyumba hazijawaka, majani yamejaa juu ya boneti. Mwizi anaona kile ambacho hata jirani anakiona. Moto wa nyaya, tawi la mti lililovunjwa na dhoruba ya Januari, paa la banda kuangushwa na theluji: vyote hivyo havisubiri gari litembee. Ukiwa umevunja bima, hasara yote ni yako.

Ipigie simu kampuni yako ya bima uiulize kama ina bima ya gari lililolazwa. Ni bima ya moto na wizi, wakati mwingine na uharibifu, bila haki ya kuendesha, na kwa kawaida ni nafuu kuliko ile kamili. Wengine watakubali kukupunguzia bima iliyopo na kuirudisha Aprili. Bima yenyewe nayo ina masharti. Nyingi zinataka gari lifungwe kwenye banda, funguo ziwe mbali nalo, na uwaambie kwamba liko SORN. Gari lililoibiwa likiwa SORN huku karatasi ya bima inasema linaendeshwa kila siku ni mlango wa mabishano. Waambie, na uombe jibu kwa maandishi.

Piga hesabu pia ya gharama ya kuvunja. Kuna ada ya kuvunja, na kinachorudi mara nyingi ni kidogo kuliko ulivyotarajia. Kwa miezi miwili, mara nyingi ni nafuu kuiacha bima iendelee na kuchukua marejesho ya kodi peke yake.

9. Punguzo langu la miaka bila madai litapotea?

Si mara moja. Kampuni nyingi zinalihesabu kwa miaka miwili tangu bima ya mwisho ilipoisha, kwa hiyo majira moja ya baridi hayalifuti. Ila ukivunja bima katikati ya mwaka, ule mwaka ambao haukutimia haukuongezei kitu. Mtu mwenye miaka minne, akivunja mwezi wa tisa wa mwaka wa tano, anabaki na minne. Kabla hujavunja, omba barua inayothibitisha punguzo lako na uitunze.

10. Gari ni la mkopo. Naweza kupunguza bima?

Soma mkataba kwanza. Gari lililonunuliwa kwa mkopo ni mali ya mkopeshaji mpaka umalize kulipa, na mikataba mingi inakutaka uwe na bima kubwa muda wote, iwe gari linatembea au limelala. SORN inakuondolea dai la serikali, mkopeshaji hahusiki nayo. Na marejesho ya mkopo yanaendelea kama kawaida.

11. Bima ya gari langu jingine inaniruhusu kuendesha gari la mtu mwingine. Hainitoshi?

Hapana. Ruhusa hiyo ni ya dereva. Hifadhidata inatafuta bima iliyoandikwa kwa namba ya gari lenyewe.

## Gari likae wapi?

12. Naweza kuliacha nje mtaani likiwa SORN?

Hapana kabisa, hata siku moja, hata kama mtaa wako hauna alama ya kukataza. Mbele ya nyumba yako si pako kama ni barabara. Gari la SORN linakaa kwenye banda, uani, au kwenye eneo la kuegesha lililo ndani ya mpaka wa nyumba. Likiwa na magurudumu mawili kwenye njia ya miguu, liko barabarani. Likikutwa linafungwa mnyororo, na kulifungua ni pauni 100, na usipoweza kuonyesha kodi, unaweka na dhamana ya pauni 160.

Wanaokaa kwenye maghorofa huuliza kuhusu maegesho ya pamoja. Kwa sheria ya kodi, barabara ya umma ni ile inayotunzwa kwa fedha za umma, kwa hiyo maegesho ya ndani ya ghorofa binafsi kwa kawaida hayahesabiwi. Lakini mkataba wa upangaji mara nyingi unasema magari yote yaliyoegeshwa yawe na kodi, na msimamizi ana haki ya kukudai ulitoe. Muulize kabla ya kununua tiketi ya ndege. Bila mahali pa faragha, SORN si yako. Unaweza kulaza gari kwa rafiki mwenye banda au kukodi nafasi, au ulipe kodi na bima kama kawaida. Hakuna njia ya nne.

13. Naweza kuliendesha kidogo, kulichaji betri tu?

Ndani ya eneo lako, ndiyo. Barabarani, hapana. Kuendesha gari la SORN barabarani kunaweza kukupeleka mahakamani kwa faini ya hadi pauni 2,500. Na kama bima nayo umeivunja, hiyo ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari palepale. Kamera zao zinasoma namba za gari zenyewe.

Safari inayoruhusiwa ni moja: kwenda au kutoka kwenye ukaguzi ulioweka miadi, kama MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari. Hata safari hiyo inahitaji bima. Weka miadi kwanza, kata bima ya siku moja ukiwa umeuliza kama wanapokea gari la SORN, nenda moja kwa moja, rudi moja kwa moja. Ushahidi wa miadi uwe nao mkononi.

14. Jua likiwaka Februari nikataka kulitoa siku moja?

Hakuna kodi ya siku moja. Utalilipia kodi, SORN itafutika yenyewe, kisha ukilirudisha ndani unatangaza upya na kupoteza ule mwezi. Bima ya muda mfupi utaikata pia. Kama unajijua kwamba huwezi kukaa na gari la kufungua paa mpaka Aprili, usilitoe barabarani.

## Safari na mambo ya pembeni

15. Nimeshafika Dar na sikutangaza SORN. Nifanyeje?

Kama gari liko mahali pa faragha, unachohitaji mtandaoni ni ile namba ya kadi. Ndiyo maana nawaambia wasafiri wapige picha ya kadi kabla ya kuondoka na waiweke kwenye simu. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mwenye namba ile anaweza kufanya mengi juu ya gari lako. Kama gari liko mtaani, usitangaze chochote ambacho si kweli. Endelea na kodi na bima, na mwombe mtu unayemwamini akufungulie barua.

16. Safari imerefuka, miezi mitatu imekuwa tisa.

SORN haina mwisho, tazama swali la 1. Bima ndiyo yenye tarehe. Ya gari lililolazwa ikiisha bila wewe kujua, faini haipo kwa sababu ya SORN, lakini gari limebaki bila ulinzi.

17. Nimenunua gari ambalo muuzaji aliliweka SORN.

SORN yake imeishia kwake, na kodi nayo haihamishwi. Kuanzia dakika ya kununua unalipa kodi na bima ndipo uendeshe, au unalibeba kwa gari la mizigo na kutangaza SORN yako. Kuliendesha kutoka kwa muuzaji mpaka nyumbani "mara hii tu" ndilo kosa la swali la 13.

18. Nalirudishaje barabarani?

Bima kwanza, halafu MOT kama imeisha, halafu kodi. Huwezi kulipa kodi bila MOT hai kwa gari linalotakiwa kuwa nayo. Gari likiwa SORN halidaiwi MOT, kwa hiyo wengi wanashtuka Aprili wakikuta imeisha Januari. Weka miadi mapema, mafundi mwezi huo wana foleni.

Na gari lenyewe lina madai yake. Mwaka ule wa pili nilirudi nikakuta betri imekufa, hilo nilitarajia. Nilipoibusti na kuingiza gia, gari likainua pua kidogo na kukaa palepale. Handibreki niliyoivuta kwa nguvu mwezi Novemba ilikuwa imegandana kwa kutu na unyevu. Fundi alipiga dramu kwa nyundo mpaka breki ikaachia kwa mlio kama wa mfupa. Siku hizi naliacha kwenye gia, nazuia magurudumu kwa mbao, handibreki naiachia. Najaza upepo matairi, naosha chumvi ya barabara chini ya gari kabla ya kulifunika, na chaja ndogo ya betri inabaki imechomekwa. Bima haikulipi kwa kutu.

19. Badala ya kulilaza, naweza kulipeleka nyumbani kwa meli?

Ukilipeleka kwa zaidi ya miezi 12, unaijulisha DVLA kwa sehemu ya kadi inayohusu kulihamishia nje, na kodi iliyobaki inarudi kama kwenye swali la 6. Kwa wanaokwenda Kenya, pima umri wa gari kabla ya kulipa meli: gari lililotumika lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Wengi wamelaza gari majira mawili, matatu, wakingoja fedha ya kusafirisha, na lilipofika zamu yake likawa limepita umri.

20. Dada yangu yuko Ujerumani, anasema huko ni tofauti.

Ni kweli, na kwa gari la msimu ni rahisi zaidi. Tangu 1997 Wajerumani wana namba za msimu: pembeni ya namba ya gari umeandikwa mwezi wa kuanza juu na wa kumaliza chini, kwa mfano 04 na 10. Msimu unaweza kuwa miezi miwili mpaka kumi na moja. Nje ya miezi hiyo gari haliruhusiwi kuendeshwa wala kuegeshwa barabarani, na kodi na bima vinahesabiwa kwa miezi ya msimu bila barua ya kila mwaka, huku bima ya kulaza ikiendelea.

Aliyeko New York naye ana mpangilio wake, na ni mkali: anarudisha namba za gari kwa mamlaka kabla bima haijakatika, la sivyo usajili wake unasimamishwa. Kwa hiyo ukipewa ushauri na jamaa wa nchi nyingine, hata kama gari ni aina ileile na baridi ni ileile, muulize kwanza analilaza wapi.